Nani Aliyeshika Saa

Natafuta daftari. Sijali lina jalada la rangi gani wala limeliwa na mchwa kiasi gani. Nataka daftari la mazoezi la mkimbiaji mmoja wa Mbulu ya zamani, la miaka ya 1960 au 1970, ambamo mtu ameandika kwa mkono wake kwamba Jumanne alikimbia kutoka mahali fulani hadi mahali fulani, Jumatano mvua ilinyesha, Alhamisi goti liliuma. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu historia ya riadha katika eneo hili, na mapema kabisa nilionywa chuoni kwamba historia isiyo na nyaraka huishia kuwa soga za kijiweni. Niliitikia kwa heshima, nikapanda basi, nikaja Babati.

Ninaposema Mbulu ya zamani namaanisha Wilaya ya Mbulu ya wakati wa mkoloni, kabla haijakatwa vipande. Karatu ilikuwa humo, Hanang ilikuwa humo, na Babati pia. Leo Karatu ni ya Mkoa wa Arusha na sehemu nyingine ni za Manyara, mkoa ulioanzishwa 2002 makao yake makuu yakiwa hapa Babati. Ukiiunganisha tena ile ramani unapata jambo la kushangaza. John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Gidamis Shahanga, wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada, mwaka 1978, na mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982. Fabiano Joseph Naasi, mzaliwa wa Babati, alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005. Mashindano hayo yalifanyika wapi? Edmonton tena. Vijana wawili wa wilaya moja ya zamani, mji mmoja wa Kanada, miaka 27 kati yao. Natamani kuna mtu kule Edmonton aliyeyaona mashindano yote mawili.

Kwa hiyo nyaraka zipo. Tatizo ni kwamba karibu zote zimeandikwa mahali pamoja, kwenye mstari wa kumalizia, tena ughaibuni. Tunajua kwamba tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Akhwari alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Hadithi ya kuanguka kwake na bandeji ya gotini kila Mtanzania ameisikia, sitairudia. Mimi hukwama kwenye zile sekunde 27. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Walianza 75, wakamaliza 57, na Akhwari ndiye wa 57. Zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza limeingia, medali zimeshagawiwa, na bado kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuandika sekunde. Kwa sababu yake tunao muda wa Akhwari hadi sekunde ya mwisho. Lakini wiki sita kabla ya safari, Akhwari alikuwa anakimbia kilometa ngapi kwa siku, kwenye mlima upi, na nani nyuma yake? Hapo hakukuwa na mtu wa kuandika.

Nilipofika Babati nilielekezwa kwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi upande wa Bonga. Amefundisha tangu miaka ya 1970, na katika miaka hiyo yote alikuwa ndiye mwalimu wa michezo, cheo ambacho, alivyonieleza mwenyewe, maana yake ilikuwa kubeba mpira na kusuluhisha ugomvi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza mimi ni mtoto wa nani, na tulipomaliza ukoo ndipo nikauliza habari za daftari.

"Daftari la nini, mwanangu? Tulikuwa tunaandika ubaoni."

Alikuwa na saa moja ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Saa za kubonyeza, zile ambazo makocha huning'iniza shingoni, aliziona wilayani tu wakati wa mashindano. Jumamosi watoto walikimbia, yeye akasimama penye mti wa kumalizia akitaja dakika na sekunde kwa sauti, na mwanafunzi mmoja akazishika kichwani hadi darasani na kuziandika kwa chaki. Zilikaa ubaoni mwisho wa wiki. Jumatatu asubuhi zilifutwa, kwa sababu ubao ulikuwa mmoja na somo la kwanza lilikuwa hesabu.

Nikamuuliza aliwezaje kujua umbali. Hapo ndipo alipocheka. Barabara ya Arusha kwenda Dodoma wakati huo ilikuwa vumbi tupu (lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018 tu), na mwanzoni walihesabu nguzo za simu. Baadaye alipata baiskeli. Alifunga kitambaa chekundu kwenye spoki moja ya gurudumu la mbele, akatembea akiisukuma, mtoto mmoja pembeni akihesabu kila kitambaa kilipofika chini. Mizunguko 450 na ushee, kilometa moja.

Niliandika hayo kama kichekesho cha kuchangamsha sura ya tatu ya tasnifu. Ni baadaye, nikisoma jinsi njia za marathoni zinavyopimwa, ndipo nilipoelewa kwamba mwalimu alikuwa jirani kabisa na sayansi. Mpaka leo njia rasmi ya barabarani hupimwa kwa baiskeli. Kuna kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, kiitwacho kihesabio cha Jones kwa jina la Alan Jones, Mmarekani aliyekibuni na mwanawe mwaka 1971. Mpimaji kwanza huiendesha baiskeli kwenye umbali uliopimwa kwa utepe wa chuma, ajue gurudumu lake linasema nini kwa mita moja, kisha ndipo anaingia njiani. Huongeza mita moja katika kila elfu moja ili njia isije ikawa fupi. Saa ya GPS haikubaliki kwa kazi hiyo. Ndiyo maana mtu anamaliza marathoni iliyopimwa vizuri, saa yake inamwambia amekimbia kilometa 42.6, naye anakwenda kuwalalamikia waandaaji.

Mazoezi yenyewe aliyaendesha kwa masikio. Siku za mbio nyepesi aliwataka watoto wasimuliane hadithi njiani. Wakishindwa kuongea, mwendo umekuwa mkali, wapunguze. Siku za mbio ngumu, anayeweza kuongea anadanganya. Usiniambie ni ushamba. Wataalamu wa mazoezi wanakiita kipimo cha maongezi na wanakitumia hospitalini kwa wagonjwa wa moyo. Ila sitaki kumgeuza mwalimu malaika. Yeye mwenyewe anakiri kwamba mtoto aliyebaki nyuma alihesabiwa mvivu, na kwamba pengine nusu ya uvivu huo ulikuwa malaria. Na wasichana? Walikimbia vizuri sana hadi darasa la saba, alisema, kisha "wakapotea". Ubao ulishafutwa, hata majina hayakubaki.

Katika miaka hiyohiyo ya chaki, vifaa ambavyo leo vinajiita makocha vilikuwa vinatengenezwa mbali sana na hapa. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilianza kuuza mashine ya kiunoni ya kuhesabu hatua, na jina lake likabeba hesabu ya hatua 10,000, ile ambayo simu yako bado inakudai kila jioni. Mwaka 1977, katika mji mdogo wa Kempele nchini Finland, Seppo Säynäjäkangas alianzisha kampuni ya Polar ili kupima mapigo ya moyo ya watelezaji wa theluji, na mwaka 1982 ikatoa mkanda wa kifuani uliotuma mapigo hadi kwenye saa ya mkononi bila waya. Setilaiti za GPS zilikuwa mali ya jeshi la Marekani. Raia waliruhusiwa kuzitumia, lakini hadi mwanzoni mwa Mei 2000 mawimbi yao yalivurugwa makusudi, kiasi kwamba ungeweza kuonyeshwa mita 100 kutoka mahali ulipo. Uvurugaji ulipokoma, biashara ikaanza. Mwaka 2003 Garmin ilitoa saa zake za kwanza za Forerunner, kubwa kama kibiriti, na mwaka huohuo Fabiano Joseph, akiwa na miaka 17, alikuwa wa pili kwenye nusu marathoni ya dunia kule Vilamoura, Ureno, sekunde tatu nyuma ya Martin Lel wa Kenya. Strava ilikuja 2009. Baada ya hapo mtu yeyote mwenye simu janja aliweza kuwa na kocha mfukoni, mwenye sauti ya mwanamke wa Kimarekani asiyechoka.

Sauti hiyo naijua vizuri, kwa sababu mdogo wangu, binti wa mama mdogo, hukimbia nayo.

Ana miaka 19. Alimaliza kidato cha nne, anamsaidia mama yake kwenye genge la mboga, na asubuhi anakimbia. Kuna kundi la vijana wanaofanya mazoezi uwanja wa Kwaraa, lakini kundi huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati ambao yeye ndiyo kwanza anapokea mboga. Kwa hiyo hukimbia peke yake saa mbili, simu ikiwa imefungwa kiunoni kwa kipande cha kanga. Aliwahi kuniambia sababu anayoipendea ile programu ya bure: "Kaka, yule dada wa kwenye simu haniulizi naolewa lini." Inampa ratiba ya wiki nzima. Leo mbio nyepesi dakika 40, kesho mara nane mita 400 na kupumzika katikati, keshokutwa lala. Ilimfundisha kupumzika, jambo ambalo hakuna mtu mwingine wa Babati aliyewahi kumwambia. Nikisikia wasomi wenzangu wakisema vifaa hivi vinaua hekima ya asili, huwa namfikiria yeye na kunyamaza.

Lakini kocha huyo naye ana ukoo wake, na mwanahistoria hujifunza kuuliza ukoo. Siku ya kwanza programu iliuliza umri, ikapiga hesabu ya 220 kutoa 19, ikamwandikia kwamba moyo wake hauwezi kuzidi mapigo 201 kwa dakika, na juu ya namba hiyo ikajenga kanda zake zote za rangi. Hesabu hiyo inatoka wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchini Marekani, daktari Samuel Fox na mwenzake William Haskell walikusanya matokeo ya tafiti kadhaa za watu wengine, wakayaweka kwenye karatasi, wakaona mstari unaopita katikati yake kwa makadirio. Baadhi ya waliopimwa walikuwa wagonjwa wa moyo. Haskell mwenyewe alikuja kusema kwamba haikukusudiwa kutawala mazoezi ya watu. Ikatawala hata hivyo, kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana mapigo 20 na wote wakawa wazima. Saa za sasa zinajirekebisha kadiri zinavyokuzoea, na nyingi ya hesabu hizo, kwa saa za Garmin, zinatoka kampuni ya Firstbeat ya Finland iliyonunuliwa 2020. Simu ya mdogo wangu haina kipimo cha moyo. Imebaki na ile 201, kwa msichana anayeishi zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na ambaye amekuwa akipandisha madumu ya maji tangu utotoni.

Hilo angeweza kuishi nalo. Kilichomuumiza ni ziwa.

Wakala mmoja wa wanariadha, ambaye sitamtaja, alipata namba yake kupitia rafiki. Hakumwita uwanjani. Alimwomba kwa ujumbe atume mazoezi ya wiki sita kutoka kwenye programu. Naelewa kwa nini. Wakala yuko mbali, vijana ni wengi, nauli ni ghali, na namba hazibembelezi. Mdogo wangu alipiga picha za kioo cha simu, akanunua bando, akatuma zote. Jibu lilikuja kesho yake, maneno matatu: kasi bado haitoshi.

Nilikuwa nimekaa naye gengeni siku hiyo, nikaomba kuziona. Njia yake ya kipimo ni kilometa 12, kutoka njia ya Bonga kuuzunguka upande mmoja wa Ziwa Babati na kurudi. Ramani ilianza vizuri, mstari wa rangi ya chungwa ukifuata kila kona. Halafu ghafla mstari ulinyooka kama rula, ukaingia ziwani, ukapita katikati ya maji na kutokea ng'ambo. Mara tatu katika wiki sita. Kama ungeiamini ile ramani, msichana huyu alikuwa anakimbia juu ya migongo ya viboko.

Maelezo yake ni ya kawaida kabisa. Simu za bei nafuu huzima programu zinazofanya kazi kioo kikiwa giza, ili betri idumu. Programu inapoamka dakika kadhaa baadaye inachukua mahali ulipokuwa mara ya mwisho na mahali ulipo sasa, kisha inaviunga kwa mstari ulionyooka. Muda hauzimwi. Kwa hiyo unabaki na dakika zako zote na umbali pungufu. Programu iliandika kilometa 10.6 kwa dakika 46, yaani dakika 4 na sekunde 20 kwa kilometa. Kama kweli ni kilometa 12, mwendo wake ulikuwa dakika 3 na sekunde 50. Nusu dakika kwa kila kilometa imezama ziwani. Kwa macho ya wakala, sekunde hizo 30 zinamtenganisha msichana wa kumpigia simu na msichana wa kumtakia kila la heri.

Kama kweli ni kilometa 12. Hilo ndilo lilikuwa swali, na kulikuwa na mtu mmoja tu wa kulijibu.

Mwalimu hakuuliza mara mbili. Baiskeli yake bado ipo, ingawa spoki zimepungua. Tuliipeleka kwanza uwanjani, tukaisukuma mizunguko kumi kwenye mstari ulionyooka na kupima kwa utepe wa fundi ujenzi: mita 22 kamili, yaani 2.2 kwa mzunguko. Kisha tukaanza njia yenyewe asubuhi, mwalimu akisukuma, mimi nikihesabu kitambaa na kuweka alama kila mia. Tulisalimiwa na karibu kila mtu tuliyempita. Mama mmoja aliuliza kama ni serikali inataka kupanua barabara, na alipoambiwa hapana alionekana kupata nafuu. Kufika mwisho tulikuwa na mizunguko 5,461. Piga mwenyewe: mita 12,014. Mwalimu alikunja kile kitambaa akasema tungeongeza na ile mita moja ya kila elfu kama wazungu wanavyofanya. Nilikuwa nimemsimulia habari za Jones, na ilikuwa imemfurahisha kuliko nilivyotegemea.

Nikiwa njiani, katikati ya kuhesabu, nilimfikiria Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1500 tangu bunduki ilipolia hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker aliyemfukuza hadi hatua ya mwisho naye alivunja rekodi ya zamani, akawa wa pili. Bayi hakuwa na mtu wa kumfuata mbele yake. Mwendo aliutoa mwilini mwake mwenyewe, na wengine wote wakawa wanausoma mgongoni mwake. Sasa lete picha ya Monaco, Agosti 14, 2020. Joshua Cheptegei wa Uganda anavunja rekodi ya mita 5000 kwa dakika 12 sekunde 35.36, na ukingoni mwa njia ya ndani taa ndogo zinawaka moja baada ya nyingine kwa mwendo uliopangwa kwenye kompyuta. Kazi yake ni kuifuata taa. Simwonei gere Cheptegei, miguu ilikuwa yake. Lakini maarifa ya mwendo, yale ambayo Bayi aliyabeba ndani na ambayo hakuna mtu aliyeyaandika alivyoyapata, sasa yako nje ya mkimbiaji, kwenye kifaa, na kifaa kina mwenyewe.

Hapo ndipo tasnifu yangu ilipogeuka. Nilikuja nikidhani tatizo la historia ya mbio za huku ni uchache wa kumbukumbu, na kwamba kizazi hiki chenye simu kitakuwa kimelitatua. Haijatatuka hivyo. Mwishoni mwa 2017 Strava ilichapisha ramani ya dunia inayowaka mahali watumiaji wake walipokimbia. Januari 2018 watu waligundua kwamba katika jangwa la Syria na Afghanistan kulikuwa na viduara vinavyong'aa, kambi za kijeshi ambazo askari wake walikuwa wakifanya mazoezi na saa mkononi. Dunia ilijadili siri za jeshi. Mimi nilivutiwa na giza lililozunguka viduara vile. Watu waliishi humo na walikimbia pia, ila hawakuvaa kitu.

Fungua ramani ya namna hiyo juu ya Tanzania leo. Barabara za Masaki zinawaka kama umeme wa Krismasi. Babati ni uzi mwembamba kando ya lami. Mwanafunzi wa historia wa mwaka 2075, kama ataruhusiwa kuingia kwenye hifadhi za kampuni hizo, na kama kampuni zenyewe zitakuwepo, atajifunza kwamba mbio za Tanzania zilikuwa burudani ya Jumamosi ya wafanyakazi wa ofisini wa Dar es Salaam. Atashangaa medali zilitoka wapi. Na akimpata mdogo wangu, atamkuta anatembea juu ya maji.

Nilisoma mahali kwamba Eliud Kipchoge, ambaye huvaa saa ya kisasa kama wengine, bado huandika kila zoezi kwa kalamu kwenye daftari, na ameyatunza madaftari hayo kwa miaka mingi. Nilipata wivu wa kitaaluma.

Septemba 15, 2025, usiku wa manane kwetu, Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya dunia mjini Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenganisha kilikuwa sekunde 0.03, iliyosomwa kwenye picha ya kamera ya mstari wa mwisho. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Nilipomweleza mwalimu jinsi kamera ile inavyokata sekunde vipande vipande, aliniomba nirudie. Kisha akauliza kama kamera ingeweza kuwaona na wale waliomaliza wa mwisho, au hubonyezwa kwa washindi peke yao. Nilimwambia huwaona wote.

Kipimo chetu cha baiskeli tulikiandika kwenye karatasi, mwalimu akasaini, nikapiga picha na mdogo wangu akamtumia wakala, pamoja na maelezo ya ziwa. Tiki mbili za bluu zilionekana siku ileile. Baada ya siku nne alijibu kwamba ni sawa, lakini yeye anahitaji matokeo ya mashindano yenye muda rasmi.

Kwa hiyo anajiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi kila mwaka tangu 2003. Kiingilio kimetoka kwenye mauzo ya nyanya na kidogo kwenye posho yangu ya utafiti, kifungu cha "usafiri wa ndani", na nitalitetea hilo mbele ya yeyote. Programu ameibakiza kwa ajili ya ratiba. Jioni za Jumamosi mwalimu husimama penye mti na saa yake, naye hupita akitajiwa dakika na sekunde. Nilimweleza jinsi Moshi watakavyompima: kuna chipu ndogo kwenye namba ya kifuani, ukikanyaga mkeka wa kuanzia inaanza kuhesabu, ukikanyaga wa mwisho inaacha, hata kama umemaliza wa elfu tatu. Alisikiliza hadi mwisho huku akifunga mafungu ya mchicha.

"Hiyo chipu," aliuliza, "wanaichukua, au mtu unabaki nayo?"